Tupeane uzoefu: tenshena na mkanda wa taiming vilivyowahi kukuumbua

Msafiri wa Moro: Wakuu, leo asubuhi nimesikia Hiace ya jirani inalia mbele kama nyenje injini ikiwa ya baridi, moyo ukanidunda paa, nikakumbuka yaliyonikuta! Mwaka 2017 nilikuwa na Hiace ya dizeli, injini ya 3L, taa ya T-BELT ya kukumbusha kubadili mkanda wa taiming (ule unaounganisha kranki na valvu) ikawaka, nikanunua mkanda mpya, fundi akasema tenshena, ile puli inayoukaza mkanda, bado nzima bosi usitupe hela, nikakubali. Miezi minne mbele natoka Iringa na mama yangu mgonjwa kalala siti ya nyuma, saa tatu usiku tupo katikati ya mbuga ya Mikumi nikasikia ko! mara moja, gari kimya. Napiga starta inazunguka nyepesiii, kompresheni hamna. Tukafunga vioo, hata kushuka kuweka pembetatu naogopa. Tembo watatu wakatoka porini, mmoja akaja mpaka kwenye taa akasimama, namsikia anavyohema, mama anasali kimyakimya kanishika bega. Lori ndo likaja kutuvuta mpaka Doma. Kufungua, tenshena imekauka grisi, ukiizungusha kwa kidole inakwaruza kama ina mchanga, mkanda umeruka meno, valvu sita zimepinda.

Binti Kiponza: Pole sana kaka. Hiyo sauti ya nyenje naijua.

Dereva110: Mnatishana bure, Corolla 110 yangu ilikata mkanda Chalinze, fundi kaweka mwingine nikaondoka.

Fundi Ilala: We unafananisha injini ya 5A ya Corolla yako na dizeli? 5A mkanda ukikatika pistoni hazigongi valvu, 3L zinakutana. Usimpoteze mtu.

Dereva110: Sijampoteza mtu, nimesema yaliyonikuta mimi.

Mama Wawili: Jamani tembo aliondokaje??

Kijana wa Spea: Badilisha mkanda na tenshena pamoja kila kilomita 100,000 basi.

Noah Nyeupe: 100,000 na vumbi letu hili? Mi 60,000 natoa. Na nabana mpaka mwisho, sitaki ulegevu.

Fundi Ilala: Hapo ndo mnapoua magari. Noah yako kama ni injini ya 3S mkanda huohuo unazungusha wota pampu, ukibana sana unakula beringi zote. Hii kazi haitaki kukisia kwa mpini wa bisbisi. Kwenye 5A legeza bolti ya tenshena, acha springi ivute yenyewe, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili kufuata saa, ndo ukaze, halafu rudi uangalie alama za taiming kwenye puli. Zikipishana hata jino moja, fungua uanze upya.

Juma wa IST: Nunueni gari ya cheni badala ya mkanda mpumzike.

Kijana wa Spea: Cheni nayo inalegea, tenshena yake inasukumwa na presha ya oili, chelewesha sevisi uone.

Mama Wawili: Tembo jamani! Na mama je?

Msafiri wa Moro: Mama mzima dada, asante. Tembo alikaa kama dakika kumi, nikazima taa, akafuata wenzie. Hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, ndo iliyonimaliza, tenshena ingekuwa hela ndogo sana.

Binti Kiponza: Nimetoka kufungua kava ya juu ya mkanda kwenye gari yangu sasa hivi kwa tochi ya simu. Mkanda una mipasuko mgongoni na una oili oili. Kesho safari ya Tanga haipo, naenda gereji.

Fundi Ilala: Kama una oili, oili sili, ule mpira wa kuzuia oili isitoke, inavuja. Anza na hiyo dada yangu, ukiweka mkanda mpya juu ya oili utaoza tena.