Ni maneno gani yanayoweza kuondolewa katika nukuu?

Mwandishi wa mkoani:
Ndugu wanahabari wenzangu, habari za kazi. Nilimhoji diwani mmoja kuhusu daraja lililosombwa na mafuriko, naye akasema: "Yaani, kwa kweli, kama nilivyokwisha kusema, tutaanza kulijenga mwezi ujao, fedha zikishapatikana." Nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo nikabakiza: "Tutaanza kulijenga mwezi ujao." Gazeti lilipotoka, alinipigia simu akilalamika kwamba nimemtwisha ahadi ambayo hakuitoa. Kila neno lililochapishwa ni lake. Je, nilikosea wapi?

Mhariri wa habari:
Ndugu yangu, diwani ana haki. "Yaani", "kwa kweli" na "kama nilivyokwisha kusema" ni maneno ya kuvuta pumzi, na msomaji hapotezi chochote yakiondolewa. "Fedha zikishapatikana", hata hivyo, ndiyo sharti lenyewe, na katika lugha yetu sharti aghalabu hubebwa na silabi moja tu ndani ya kitenzi, kama "-ki-" au "-nge-", kiasi kwamba jicho lenye haraka hulipita bila kuliona. Vivyo hivyo, "huenda", "labda" na "nadhani" si makapi, kwa sababu hupima uhakika wa msemaji. Mimi ningeandika: Diwani alisema ujenzi utaanza mwezi ujao, "fedha zikishapatikana". Nukuu imekuwa fupi kuliko yako, na ahadi imebaki kama alivyoitoa.

Mwandishi mstaafu:
Naunga mkono, ila mimi ni mkali zaidi: hata "yaani" sikuifuta kimyakimya ndani ya alama za kunukuu. Mwaka 1991, katika kesi ya Masson dhidi ya jarida la The New Yorker, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba kubadili maneno ya msemaji kwa makusudi hakutoshi peke yake kuthibitisha kuwa mwandishi alijua anachapisha uongo, isipokuwa maana nayo iwe imebadilika kwa kiasi kikubwa. Hicho ni kipimo cha mahakama. Cha chumba cha habari hakina budi kuwa juu zaidi. Shirika la Associated Press huwakataza waandishi wake kurekebisha hata makosa madogo ya sarufi katika nukuu. Sentensi ikiwa ndefu mno, ondoa alama na uigeuze kuwa usemi wa taarifa.

Mwandishi wa mkoani:
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Nimerudia kusikiliza sauti niliyorekodi, na kabla ya "fedha" diwani alinyamaza kidogo, kisha akalitamka neno hilo kwa mkazo. Nimemwomba mhariri tuchape masahihisho kesho, nukuu ikiwa kamili.