Kundi la simu la ukoo wa Mkunazini: watoto na darasa la muziki la likizo

Mama Ilham: Asalaam alaykum jamaa. Skuli zinafungwa wiki ijayo. Kuna darasa la muziki na maigizo la watoto hapa mjini Unguja, wiki tatu, Jumatatu mpaka Alhamisi, saa 3 asubuhi mpaka saa 6. Ganuni, fidla, udi, ngoma, na kundi moja la maigizo. Wanapokea kuanzia miaka 8. Mimi nawapeleka Ilham na Yusuf. Nani mwengine ana mtoto, tuwaandikishe pamoja?

Rahma Maskati: Waalaykum salaam dada. Sisi tunaingia mwisho wa Juni inshallah. Huku skuli zimeshafungwa na jua haliruhusu mtoto kutoka nje mchana. Wangu wawili niandikie. Sitaki waje Unguja kisha wajifungie ndani na simu kama wako Maskati.

Kaka Juma Dar: Ada ikoje? Na ukishalipa ada, ala unanunua mwenyewe?

Mama Ilham: Ala unaazimwa pale pale. Ada inalipwa kwa wiki, na mtoto wa pili wa nyumba moja analipiwa nusu. Walimu ni vijana wawili waliosoma DCMA, kile chuo cha muziki hapa Unguja, wanapiga kila wiki, wala si watu wa kubahatisha.

Ami Seif: Hilo la DCMA ni jema. Tokea kile chuo kilipofunguliwa 2002, wengi unaowaona wameshika ala mjini leo wamepita pale. Zamani zetu ulikuwa unajifunza kwa kukaa nyuma ya mzee kwenye klabu ya taarab miaka mpaka akukumbuke.

Ami Seif: Lakini nawaomba jambo moja kabla hamjajaza fomu. Msimchagulie mtoto ala mkiwa huko mliko. Aje aishike kwanza.

Rahma Maskati: Ami mimi nilishaamua wote wawili fidla. Mwaka huu niliwapeleka jumba la opera hapa kusikiliza orkestra, wakarudi hawana neno jengine ila fidla.

Ami Seif: Fidla nzuri, mimi mwenyewe ndiyo ala yangu. Ila mtoto wako mdogo ana miaka 8. Anyooshe mkono wa kushoto, fidla ikae begani, na kile kichwa chake kilichojikunja kiingie kwenye kiganja. Kikipita vidole, hiyo kubwa kwake. Zipo za robo, za nusu, za robotatu na kamili. Mtoto ukimpa ya mtu mzima, bega linapanda, shingo inakakamaa, na wiki haijesha anakwambia hataki tena muziki. Muulize anaumwa wapi utajua hakuchukia muziki.

Ami Seif: Na huyo mkubwa si ndiye anayesoma kinanda?

Rahma Maskati: Ndiye, mwaka wa tatu huu.

Ami Seif: Basi huyo akalishwe kwenye ganuni japo siku mbili. Mikono yake miwili imeshazoea kufanya kazi mbali mbali. Ganuni inalazwa mapajani au mezani, nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti moja, na unapiga kwa risha mbili zilizobanwa na pete kwenye vidole vya shahada. Zile pete za mtu mzima zitamvuka. Mwambieni mwalimu azifunge uzi kwa ndani.

Ami Seif: Halafu kuna rasti, moja ya makamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu. Sauti yake ya tatu haimo kwenye kinanda. Inakaa katikati ya vipande viwili. Mtoto aliyezoea kinanda akiisikia mara ya kwanza huona ala imeharibika. Kwenye ganuni kuna vijikono vidogo vya chuma karibu na nyuzi, ukiinua au ukishusha kimoja, sauti inasogea kidogo tu. Anaiona kwa macho na anaisikia kwa sikio. Hapo ndipo anapoelewa.

Rahma Maskati: Subhanallah. Nitamwambia leo leo.

Shangazi Asha: Na chuo cha Kurani je? Nawasoma tu tokea asubuhi, kila mtu anataja fidla, hakuna anayekitaja. Likizo ndiyo wakati watoto wanapopata nafasi ya kuhifadhi.

Mama Ilham: Shangazi darasa linaisha saa 6. Chuoni wanaingia baada ya adhuhuri kama kawaida. Mimi mwenyewe sitakubali wakose.

Shangazi Asha: Sawa, wakati upo. Lakini kichwa cha mtoto ni kimoja. Asubuhi taarab, mchana msahafu?

Ami Seif: Da Asha, nakuheshimu, na unajua mimi si mtu wa kupuuza chuo. Sikiliza hivi. Yusuf akisoma, unamsikia anasoma kwa sauti gani? Makamu ya bayati. Hakufundishwa jina lake, amemfuata maalimu wake tu. Bayati, rasti, hijazi, sika, hizo ndizo wanazozitumia wasomaji wakubwa, na kaswida za watoto pale chuoni zimo humo humo. Mtoto aliyekaa chuoni miaka minne anakuja darasani sikio lake limeshanyooka. Walimu wa muziki wanamjua siku ya kwanza.

Ami Seif: Sisemi msahafu na taarab ni kitu kimoja, Mungu apishe mbali. Nasema sikio alilolipata kule litamsaidia huku, na halitapotea.

Shangazi Asha: Hilo la sikio nakubaliana nawe. Linalonisumbua zaidi ni Ilham. Ana miaka 14 sasa. Mwisho wa darasa wanapandishwa jukwaani usiku mbele ya wageni wenye kamera. Hilo silitaki.

Mama Ilham: Nimeuliza. Onyesho la mwisho ni alasiri, ukumbini, kwa wazazi na jamaa tu. Na kupiga picha ni kwa ruhusa ya mzazi. Nimewaambia wa kwangu wasipigwe.

Shangazi Asha: Alasiri nitakuja kukaa mwenyewe mbele.

Mama Ilham: Karibu sana shangazi, tena nitafurahi.

Kaka Juma Dar: Jamaa, wangu hataki ganuni wala fidla. Anataka kucheza na kuigiza. Miaka 10, hatulii. Skuli wanamlalamikia kila siku. Nimewaza nimpeleke Bagamoyo, pale TaSUBa, labda kuna kitu cha watoto.

Ami Seif: Bagamoyo ni chuo kikongwe cha sanaa, tokea 1981, na ngoma za bara utazikuta kule kuliko huku. Akikua akataka kuifanya ndiyo kazi yake, mpeleke. Kwa sasa mlete huku kwa wenzake. Asiyetulia mtie kwenye kidumbak, ile taarab ya mtaani ya ngoma na kucheza.

Kaka Juma Dar: Kidumbak watoto wanaweza?

Ami Seif: Ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Ala zenyewe ni chache: fidla moja, vidumbak viwili yaani ngoma ndogo, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, cherewa za kutikisa, na sanduku. Sanduku ni kasha la mbao, mti na uzi mmoja. Mguu juu ya kasha, mkono mmoja unavuta mti, mwengine unadonoa uzi. Ukivuta sauti inapanda, ukilegeza inashuka. Mtoto asiyetulia anapata kazi ya mwili mzima, na hapo hapo analazimika kusikiliza, kwa sababu sanduku likikosea pigo, wote wanaanguka. Nimeona watoto walioshindikana darasani wakashika sanduku wakawa ndio wanaowakemea wenzao kwa kuchelewa.

Ami Seif: Na kama anataka kucheza, wafundishwe ngoma ya msewe. Zile njuga za ukindu zinafungwa miguuni, kila hatua inalia. Ukikosea hatua, kila mtu kasikia. Hakuna pa kujificha, na watoto wanaipenda kwa sababu hiyo.

Kaka Juma Dar: Hapo umenipata ami. Na maigizo?

Mama Ilham: Wanatunga wenyewe igizo moja kutokana na hadithi ya nyumbani. Kila mtoto anaambiwa aje na hadithi aliyosimuliwa na bibi au babu. Kwa hiyo bibi ajiandae, wataingia kwake jioni kwa foleni.

Ilham (simu ya mama): Bibi ameniita niandike maneno yake, simu yake haikamati sauti vizuri. Anasema hivi:

"Nimewasikia wote. Mimi nina maneno mawili. La kwanza, Siti binti Saad alitoka Fumba hana kitu, akiuza vyungu, na 1928 akapelekwa Bombay sauti yake ikaingizwa kwenye santuri. Alipofariki 1950 mimi nilikuwa mdogo, lakini zile sahani zake zilikuwa zinapigwa barazani na watu wakinyamaza. Kwa hiyo mtoto wa kike kuimba si jambo lililoanza leo, lakini Asha ana haki ya kuulizia heshima ya mtoto, na jibu amepewa.

La pili ndilo kubwa. Watoto wa siku hizi wanaimba maneno hawayajui. Waambieni hao walimu, wimbo usomwe kwanza kama shairi. Mtoto ahesabu mizani kwa vidole, nane na nane, ajue kina cha kati kiko wapi na cha mwisho kiko wapi. Aulizwe huyu mshairi anamsema nani, na amemficha vipi. Akishajua, hapo ndiyo apewe sauti. Bila hivyo anaimba kama kasuku. Basi. Nimemaliza. Na Juma ameacha kunipigia simu."

Kaka Juma Dar: Nisamehe bibi, leo usiku nakupigia inshallah.

Ami Seif: Bibi amesema kweli tupu. Hata pa kuvuta pumzi mtoto hapajui kama hajui mstari unakatika wapi. Anapumua katikati ya neno na wimbo unaharibika. Nitaongea na wale vijana, siku ya kwanza na ya pili wasiguse ala kabisa. Wapige makofi, waimbe mapigo, wasome maneno.

Rahma Maskati: Ami, wiki tatu zinatosha kweli? Nisije nikawapa matumaini wakarudi Maskati hawajui hata wimbo mmoja.

Ami Seif: Wimbo mmoja wataujua. Na sehemu ya bashrafu moja, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarab, polepole, wote pamoja. Kuwa mpigaji, hapana, wiki tatu hazitoshi na anayekwambia zinatosha anataka ada yako. Wanachopata ni kukaa ndani ya kundi. Fidla inapiga, ganuni inajibu, wewe kazi yako ni kungojea zamu yako ukiwa macho. Mtoto wa leo anajifunza muziki peke yake mbele ya kioo cha simu, na anaweza kupiga vizuri sana, lakini mweke na wenzake watano utaona anawakimbia. Hicho simu haiwezi kumpa. Ndiyo maana nilifurahi Mama Ilham alipoandika.

Ami Seif: Wasiwasi wangu uko baada ya likizo. Skuli zinafunguliwa, fidla inarudishwa, mtoto anasahau, mwakani anaanza moja. Kila mwaka ni hivyo hivyo, na inaniuma kwa sababu vipaji nimeviona kwa macho yangu. Kwa hiyo naahidi hapa mbele ya wote: walioko Unguja waje kwangu kila Jumamosi baada ya alasiri. Silipwi kitu. Fidla mbili ninazo, moja ya nusu na moja kamili. Nataka mzazi alete mtoto kwa wakati tu.

Mama Ilham: Ami Mungu akulipe kheri. Wangu watakuja.

Rahma Maskati: Na wangu walioko mbali?

Ami Seif: Wako hawakosi pa kwenda. Orkestra ya Kifalme hapo kwenu ilianzishwa 1985 kwa vijana wa Kiomani waliofundishwa tokea mwanzo kabisa. Walimu wa fidla na ganuni Maskati utawapata. Ulizia mwalimu mmoja wa Kiarabu anayejua rasti na bayati, asiwe wa muziki wa Kizungu peke yake, na umrekodie zile walizopiga huku ili aendelee pale pale walipofika.

Rahma Maskati: Nimeandika. Naanza kuulizia kesho.

Ami Seif: Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akasome ganuni, kisha akarudi kufundisha hapa. Kutoka, kusoma na kurudi ndiyo desturi ya ala hii.

Ilham (simu ya mama): Ami, ni mimi Ilham sasa, si bibi. Naomba kuuliza. Mama ameniandika ganuni kwa sababu wasichana wengi wanapiga ganuni. Mimi nataka udi. Inawezekana?

Mama Ilham: Hukuniambia mwanangu.

Ami Seif: Inawezekana vizuri. Udi hauna alama shingoni za kukuonyesha pa kubonyeza, utapatafuta kwa sikio, na wewe sikio unalo, nimekusikia ukisoma maulidi. Njoo Jumamosi hii saa 10 kabla fomu haijapelekwa, ukae nao, uone tumbo lake linakukaa vipi kifuani. Kucha za mkono wa kushoto zikate. Za kulia acha, unashika risha.

Ilham (simu ya mama): Asante ami. Nazikata leo.

Mama Ilham: Basi fomu naizuia mpaka Jumapili. Mpaka sasa nina Ilham, Yusuf, wawili wa Rahma na mmoja wa Juma. Nani mwengine aseme mapema, nafasi si nyingi. Juma, huyo wako atalala wapi hizo wiki tatu?

Kaka Juma Dar: Tiketi ya boti nakata kesho. Nilikuwa nafikiria kwa Shangazi Asha, akiniruhusu.

Shangazi Asha: Kitanda kipo, alete na kanzu yake. Maalimu wa chuoni nimeshamsemea, mchana atakwenda na Yusuf.