Kumsifu Mungu wakati uhai wenyewe uko hatarini

Muulizaji:
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Katika Zaburi ya 63 Daudi, akiwa katika jangwa la Yuda, anamwambia Mungu, "Maana fadhili zako ni njema kuliko uhai; midomo yangu itakusifu." Ibadani tunayatamka maneno haya kwa wepesi, lakini mtu anayewindwa ili auawe anayasemaje kwa moyo mnyofu? Je, kumsifu Mungu huku unatetemeka si unafiki?

Jibu la kwanza:
Amina, mpendwa. Aya ya 11 inamtaja mfalme, na ndiyo maana wafasiri wengi huihusisha zaburi hii na maasi ya Absalomu, mwana wa Daudi, wala si na miaka ya kumkimbia mfalme Sauli. Ukifungua 2 Samweli 15 utamkuta Daudi akipanda Mlima wa Mizeituni bila viatu, amejifunika kichwa, analia. Sioni unafiki wowote katika machozi hayo. Linalonigusa zaidi ni kwamba alimwagiza kuhani Sadoki alirudishe mjini sanduku la Mungu, ishara ya kuwapo kwake, akisema kwamba akipata kibali machoni pa BWANA atarudishwa alione tena, na kama sivyo, Mungu amtendee aonavyo vema. Alikuwa ameacha kiti cha enzi, nyumba na mahali pa kuabudia, akawindwa na mwanawe wa kumzaa, na bado hakutaka kulibeba sanduku kama hirizi ya kumkinga. Alimthamini Mungu mwenyewe kabla ya kujua kama angeishi.

Jibu la pili:
Naafiki, ila niongeze neno moja. Daudi huyo huyo aliomba shauri la Ahithofeli, mshauri wake aliyejiunga na Absalomu, ligeuzwe kuwa upumbavu, kisha akamtuma rafiki yake Hushai arudi Yerusalemu kulivunja. Tafadhali tusimwambie aliye hatarini kwamba akikimbia au akiomba msaada amepungukiwa imani.

Muulizaji:
Asanteni sana. Kwangu mimi hofu huzidi usiku, nami nikitaka kuomba hukosa maneno.

Jibu la tatu:
Pole sana, mpendwa. Aya ya 6 ya zaburi hiyo inasema kwamba Daudi alimkumbuka Mungu kitandani na kumtafakari katika makesha ya usiku, kwa hiyo palipokosekana maneno, kumbukumbu ilitosha kuanzia. Katika Matendo 16 pia, Paulo na Sila walimwimbia Mungu usiku wa manane gerezani huko Filipi wakiwa wamepigwa na miguu imefungwa kwenye mkatale, na tetemeko lililofungua milango lilikuja baada ya nyimbo hizo.