Tunaomba pamoja kabla ya mechi, kisha tunamtukana mwamuzi: je, niendelee kuongoza sala?

Mzazi wa Donholm

Wazazi wenzangu, nawasalimu katika jina la Bwana. Mwanangu, ambaye ana umri wa miaka kumi na mmoja, huchezea timu ya chipukizi ambayo mechi zake huwa Jumamosi asubuhi katika viwanja vya Eastlands hapa Nairobi, mara nyingine Camp Toyoyo pale Jericho, mara nyingine katika viwanja vya shule. Kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa, nilipewa jukumu la kuongoza sala kabla ya mpira kuanza. Watoto hushikana mikono, wazazi husimama nyuma yao, nasi humwomba Mungu awalinde wachezaji wa pande zote mbili na amjalie mwamuzi hekima.

Mechi haiendi mbali kabla ya baadhi ya walioitikia "Amina" kuanza kumwita mwamuzi huyo mwizi. Aghalabu yeye ni kijana aliyemaliza shule ya upili juzi juzi, anayechezesha peke yake bila washika vibendera. Miongoni mwa wazazi wa timu pinzani yumo Mwislamu mmoja ambaye husimama kimya kwa heshima tunapoomba. Naye ndiye aliyetukanwa hivi karibuni kwa sababu tu alisema kwamba bao la timu yao lilikuwa halali. Jambo hilo limeniuma sana.

Nauliza basi: niendelee kuongoza sala hiyo, au niikatae mpaka mwenendo wetu ufanane nayo? Na je, humwambiaje mzazi aliye rika lako, au aliyekuzidi umri, bila kumwaibisha mbele ya mtoto wake?

Mwamuzi wa Kayole

Mzee wetu, pokea salamu. Nimechezesha mechi za watoto kwa miaka kadhaa, nami nakusihi usiiache sala, kwa maana sisi waamuzi huisikia, na wengine wetu huitikia kimoyomoyo.

Ni vyema ujue mambo yalivyo kwa upande wetu. Tangu msimu wa 2019/20, sheria za soka zinamruhusu mwamuzi kumwonyesha kocha kadi ya njano au nyekundu. Mzazi hana kadi. Akivuka mipaka, nilichobaki nacho ni kuisimamisha mechi au kuivunja kabisa, na hapo wanaoadhibiwa ni watoto ambao hawakumkosea mtu. Kwa hiyo pale mstarini mzazi hazuiwi na mtu ila na dhamiri yake, na kwa Mkristo naona hapo ndipo imani inapopimwa kweli, kwa sababu anayetukanwa ni kijana asiyeweza kumjibu.

Kelele nyingi pia hutokana na kutoijua sheria. Karibu kila wiki napigiwa mayowe kwamba mshambuliaji ameotea (offside), ilhali amepokea mpira moja kwa moja kutoka kwa mpira wa kurusha au kona, na hapo hakuna kosa la kuotea hata akiwa peke yake na kipa. Mwombe kocha awaeleze wazazi mambo mawili matatu ya namna hiyo, nawe utashangaa jinsi watakavyotulia. Kisha, mkishindwa, njooni mniamkue kama mnavyoniamkua mkishinda.

Mama wa Watatu, Kahawa West

Mzee, mimi naona tofauti kidogo. Sala iendelee, lakini usiiongoze wewe kila wiki. Mpe zamu yule anayepiga kelele kuliko wote, aombe kwa kinywa chake mwenyewe kwa ajili ya mwamuzi na kwa ajili ya watoto wa upande wa pili, wakitajwa kama watoto na si kama wapinzani. Mtu aliyeomba hadharani hivyo huona vigumu kutukana muda mfupi baadaye.

Kuhusu kumwonya mwenzako, Mathayo 18:15 imekwisha kutupa njia: kwanza wewe na yeye peke yenu. Usimseme kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata kwa mafumbo, kwa maana kila mtu atajua ni nani anayesemwa. Ngoja mechi iishe, tembea naye hadi langoni au kituo cha matatu, mwite Baba Fulani kama ilivyo desturi, na uanze kwa jambo jema ulilomwona mtoto wake akilifanya uwanjani. Akiwa amekuzidi umri, mtafute mwenye rika lake.

Mimi hasa huwafikiria watoto wetu wenyewe. Wakolosai 3:21 inawaagiza wazazi wasiwachokoze watoto, wasije wakakata tamaa, na nimewaona watoto waliokatishwa tamaa na mayowe ya baba zao, kocha akisema pita kulia na baba akisema piga, mpaka mtoto anasimama na mpira miguuni hajui amtii nani. Mwanangu akishindwa sianzi kumhoji ndani ya matatu kuhusu penalti aliyopoteza. Namuuliza kama ana njaa. Vilevile nimejifunza majina ya watoto wanaokaa benchi, ili wanapoingia dakika za mwisho wasikie kuna anayewafahamu.

Kocha wa Dagoretti

Matusi husikika na kila mtu, lakini liko kosa lisilopiga kelele, nalo ni udanganyifu wa umri. Wazazi wanaoheshimika makanisani wamewahi kuniletea cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake mchezaji ili mkubwa acheze na watoto wadogo. FIFA ilianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono, zinazoonyesha mifupa imekomaa kiasi gani, katika Kombe la Dunia la vijana wasiozidi miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009, kwa sababu karatasi peke yake hazikuaminika tena. Ligi zetu za mtaani hazina mashine hizo. Zinategemea cheti na neno la mzazi. Mtoto anayefundishwa kuitikia jina la mdogo wake kila Jumamosi atawezaje kusadiki anachofundishwa Jumapili? Mzee, ukishalishughulikia suala la matusi, tafadhali uangalie na hili.

Mzazi wa Donholm

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nitaendelea na sala, na Jumamosi ijayo nitamwomba baba mmoja, ninayemheshimu sana licha ya ukali wake, aiongoze badala yangu. Suala la vyeti nitalifikisha kwa kocha wetu wiki hii. Mzazi yule Mwislamu nimempigia simu kumwomba radhi kwa niaba ya timu, naye amelipokea kwa upole. Mwamuzi, je, taratibu zinaruhusu wazazi waje kukusalimu uwanjani, au tutaonekana kana kwamba tunatafuta upendeleo?

Mwamuzi wa Kayole

Zinaruhusu, mradi mje pamoja na wazazi wa timu ya pili. Njooni ninapokagua nyavu kabla ya mechi. Kipenga kikishalia, bakini nje ya mstari.