Balozi kala hela, posti kafuta. Nani abebe hasara?

DukaLaMrembo: Wadau, nina duka la vipodozi Kariakoo. Nilimlipa dada mmoja maarufu Instagram milioni mbili kwa M-Pesa awe balozi wa krimu yangu, makubaliano posti nne. Kaweka mbili, ya pili kaifuta siku hiyohiyo. Nikipiga simu, meneja wake ananijibu "kwani tulisaini wapi?" Naomba tujadili: serikali ilazimishe matangazo haya yawe na mkataba wa maandishi, au tuendelee kuliwa hivihivi?

WakiliWaMtaani: Mkataba unao tayari. Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 10 haidai karatasi: mmeridhiana kwa hiari, kuna malipo, jambo lenyewe halali, basi. Na meseji za WhatsApp ni ushahidi, soma Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Kazi ni kuthibitisha mlikubaliana nini. Mliandika posti ikae siku ngapi? Mliandika akifuta anarudisha kiasi gani? Najua hamkuandika. Watu wa Kariakoo mnatoa mamilioni kwa "poa dada, tumeelewana".

MachingaMstaafu: Wakili, dharau hiyo kaa nayo. Wazambia na Wakongo wanabeba mzigo Kariakoo kwa mali kauli, mtu anaondoka na marobota na hajaacha hata saini. Nyie wa kurasa hamsini mbona ndio mmejazana mahakamani?

WakiliWaMtaani: Mali kauli inafanyika kwa mtu unayemjua hadi kwao. Huyu dada alimjulia kwenye simu.

NipoMjini: Na upande wa pili usikilizwe jamani. Mimi nasimamia akaunti ya msanii. Tuliwahi kutangaza krimu, haikupita wiki wafuasi wakaanza kututumia picha za mashavu yaliyobabuka. Kuangalia kopo, hakuna nembo ya TBS, shirika la viwango, na viambato havijaandikwa. Mlitaka tuiache posti? Tuliifuta, na mwenye krimu akatuita matapeli. Siku hizi hatushiki dili mpaka mwenye mali aandike kwamba bidhaa imesajiliwa, na akiwa kadanganya tunafuta na hela haturudishi. DukaLaMrembo, krimu yako ina TBS?

MachingaMstaafu: Kumbe sasa Kariakoo tunauza sumu! Semeni yote leo.

Binti_Tabata: Hata Kim Kardashian alipigwa faini Marekani kwa tangazo la sarafu ya mtandaoni. Laki nane za dola kama sikosei. Mabalozi wabebe msalaba wao.

AfisaHesabu: Alilipa dola milioni 1.26, mwaka 2022. Na kosa lilikuwa kuficha kwamba kalipwa 250,000 kutangaza. Hapa kwetu nani anaandika "hili ni tangazo la kulipwa"? Halafu DukaLaMrembo, katika hiyo milioni mbili ulikata na kuzuia asilimia 5 ya kodi ya TRA, mamlaka ya mapato?

MachingaMstaafu: Asilimia 5 ni ya Kenya hiyo, usitishe watu.

AfisaHesabu: Kenya walianza 2023, sisi ikaja na Sheria ya Fedha ya 2024. Anayemlipa mtengeneza maudhui ndiye anayezuia. Ukipeleka muamala ule mahakamani kama ushahidi, ujue unasomwa na wengi.

DukaLaMrembo: Mimi nimeibiwa, nyie mnaniletea TRA! Huyo dada kodi analipa? Anabadilisha magari tu. Na krimu nimeiuza miaka, hakuna mteja aliyerudi na malalamiko. Nembo ipo kwenye boksi la nje.

Binti_Tabata: Hakuna aliyerudi, au hakuna aliyekuona tena?

NipoMjini: Piga picha ya boksi weka hapa, tumalize.

MachingaMstaafu: Weka mama, uwanyamazishe.

WakiliWaMtaani: Usiweke picha, na usiongeze neno lingine humu. Njoo inboksi.