Gumzo la familia ya Mamboleo, Kisumu: Baba na Mama Imani wako Karongi, Rwanda

*Ijumaa*

Mama Imani, 19:52
Hamjambo nyumbani. Tumefika Karongi, mji ambao wengi huku bado wanauita Kibuye. Chumba chetu kinatazama ziwa. Barabara kutoka Rubavu ni lami nzuri kabisa lakini ni kona juu ya kona, migomba huku, chai kule, na kila ukimaliza kilima Ziwa Kivu linajitokeza tena chini yako. Imani amekula?

Nyanya, 19:54
Amekula ugali na sukuma, amelala. Mbona simu ya Baba Imani haipatikani tangu mchana? Nimekaa roho juu.

Mama Imani, 19:58
Ilizima, Mama, ramani ndiyo iliyomaliza betri. Lakini kuna jambo, afadhali mlisikie kutoka kwetu. Leo Rubavu tulitia mafuta, tukatoka pale kituoni, na barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari hata moja. Baba Imani akashika kushoto kama yuko Kondele, na huku Rwanda gari linapita kulia. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta maji. Kuinua kichwa, pikipiki hii hapa inatujia, dereva na abiria wake wote wamevaa helmeti. Baba Imani alifunga breki, yule wa pikipiki akapita ukingoni. Hatukugusana. Abiria alikuwa mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Shangazi Nakuru, 19:59
Uwiii! Asante Mungu.

Nyanya, 20:00
Nilijua. Moyo wangu ulijua.

Baba Imani, 20:07
Mama, pole kwa kukutia wasiwasi. Kosa lilikuwa langu na nimelibeba. Kigali kwenye foleni sikusumbuka, unamfuata aliye mbele yako. Mtego ni barabara tupu, hasa ukitoka kusimama. Mwili unarudi kwa mazoea ya miaka 18. Usukani wa gari hili la kukodi uko kushoto, gia iko mkono wa kulia, na indiketa imekaa mahali ambapo gari letu lina waipa. Siku ya kwanza kila nikikata kona waipa zilikuwa zinafuta kioo kikavu. Hilo halina hasara. Hili la leo lingeua mtu. Nilisimamisha gari, tukakaa kama nusu saa kimya.

Mjomba Malaba, 20:11
Pole mwanangu. Sikiza mtu ambaye amepeleka trela Kigali miaka mingi. Ukiwa na gari la huko, dereva anakaa upande wa katikati ya barabara. Basi. Kwetu ni hivyo, huko ni hivyo. Ukijiona umekaa karibu na mtaro, umekosea upande. Usiwaze kulia na kushoto, waza uko karibu na mstari au uko karibu na mtaro.

Baba Imani, 20:12
Asante sana Mjomba. Hiyo naishika.

Mama Imani, 20:14
Tumepatana pia kwamba kabla hajaondoa gari popote, mimi nasema "kulia" kwa sauti, naye anajibu "kulia" ndipo anaachia klachi. Asipojibu hatuondoki.

Shangazi Nakuru, 20:16
Vizuri hivyo. Na hao wenye gari hawatawasingizia mikwaruzo mkirudisha? Mimi walinikata amana yote kwa mkwaruzo niliokuta nao.

Mama Imani, 20:18
Nilikukumbuka Shangazi. Karatasi yao ilikuwa tupu, wakataka tusaini haraka. Nikapiga picha milango yote, bampa, hata rimu, mbele ya macho yao, ndipo nikasaini.

Binamu, 20:25
Jamani, mnarudisha gari lini?

Baba Imani, 20:26
Kesho kabla ya saa sita. Tunatoka hapa alfajiri, tupitie Muhanga. Mwendo ni wa polepole, kamera ziko kila mahali na sehemu nyingi ni 60.

Binamu, 20:29
Msitoke! Kesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuna umuganda. Nilipokuwa nafanya kazi Kigali nilikwama Muhanga hivyo hivyo. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi watu wote wako kwenye kazi ya jamii, wanachimba mitaro, wanapanda miti. Maduka yanafungwa na magari yanasimamishwa. Mpigieni mwenye gari usiku huu.

Baba Imani, 20:41
Nimempigia. Anasema anajua, tulete jioni, hatatoza siku ya ziada. Ubarikiwe Binamu.

Babu, 20:50
Hilo ziwa lina samaki

Baba Imani, 20:58
Lina sambaza, Baba. Ni wadogo kama omena, wanene kidogo. Si wa asili ya hapa, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Tumekula wa kukaanga na ndizi. Baba, ungeona jioni hii. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa magogo, na fito ndefu zimetokeza mbele na nyuma kama ndevu za kambare. Wavu unashushwa hapo katikati. Wakitoka wanapiga kasia wakiimba, mmoja anaanza, wengine wanaitikia. Kisha giza likiingia wanawasha taa. Sasa hivi ziwa lote limejaa taa. Mimi nimesimama hapa barazani nimekukumbuka wewe na ufuko wetu wa Dunga.

Mama Imani, 21:00
Na maji haya ni marefu, Babu. Kilindi chake kinapita mita 470, wakati Victoria yetu haifiki mia. Chini kuna gesi ya methane. Kuna mtambo hapa mbele ya Karongi, tangu 2016 wanaivuta na kuzalisha stima, megawati 26.

Babu, 21:09
Sisi tulitumia karabai. Mwezi ukiwa mpevu hatukwenda, omena hakuja kwenye taa. Hao wanavua mwezi ukiwa mpevu?

Baba Imani, 21:11
Sijui, Baba. Lakini wanarudi ufukweni asubuhi, na hadi saa tano sina pa kwenda. Nitashuka kuwapokea, nitawauliza.

Babu, 21:13
Uliza pia wavu wao una macho ya kadiri gani. Pima kwa kidole.

Nyanya, 21:14
Na ushuke kwa miguu.