Nina mabonde kwenye hipsi na harusi imekaribia, naombeni ushauri wenu

Kito_cha_Pwani
Habari zenu wanajukwaa. Naomba msinicheke, jambo hili linaninyima usingizi. Nina miaka 27, mwili wangu ni wa kawaida, si mnene wala si mwembamba. Shida iko kwenye hipsi. Nikisimama mbele ya kioo, chini ya kiuno panatokeza kidogo, halafu panaingia ndani, halafu paja linatokeza tena. Pande zote mbili. Nikivaa nguo ya kubana, mabonde yanaonekana hata kwa mtu aliye mbali.

Naolewa Desemba, na sendoff inatangulia. Gauni nimeshachagua, lile la kubana mpaka magotini halafu linafunguka chini. Nimesikia kuna mazoezi, kuna vidonge, kuna sindano. Aliyewahi kuyaondoa haya mabonde aniambie ukweli. Yanaondokaje?

Babu Kigogo
Uzi wa hivi bila picha ni kesi bila ushahidi. Nimekaa paleee nasubiri.

Mazoezi Kwanza
Dada, usihangaike na madawa. Lala ubavu, inua mguu wa juu taratibu, shusha taratibu. Ukizoea, funga lastiki juu ya magoti utembee kiubavu kama unapita kwenye korido nyembamba. Ongeza skwati na kupanda ngazi. Msuli wa pembeni ya kalio ukijaa, bonde linafutika kabisa. Mimi jimu yangu iko Sinza, wadada wanaingia wakiwa bapa wanatoka wameumbika. Ila mle mayai na maharage, siyo chipsi mchana na usiku.

Shangazi Mkuu
Mwanangu, huyo mwanaume kakuchumbia ukiwa na hizo hizo hipsi. Hakukuona kwenye gunia. Sisi tulioolewa miaka ya themanini tulifundwa kupika, kunyamaza kwa wakati na kusema kwa wakati. Hakuna somo aliyetukagua kiuno kwa rula. Mungu hakukosea alipokuumba.

Zamu ya Usiku
Mimi ni mhudumu wa afya, nipo hospitali kila siku, kwa hiyo ngoja tuelewane kwanza ni nini hiki. Weka mikono kiunoni. Ule ukingo mgumu unaoushika ni mfupa wa nyonga. Shusha mkono pembeni ya paja mpaka ukutane na nundu nyingine ngumu. Hiyo ni sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Kati ya nundu hizo mbili hakuna mfupa unaotokeza, kuna msuli na mafuta tu, ndiyo maana ngozi inaingia. Upana wa nyonga yako, umbali kati ya hiyo mifupa na namna mwili wako unavyoweka mafuta ndivyo vinavyoamua bonde liwe la kina gani. Wembamba wanayo, wanene wanayo, na wanaume wanayo. Siyo ugonjwa.

Mazoezi Kwanza, nakubaliana nawe nusu. Msuli ukijaa bonde linaweza kupungua, lakini "linafutika kabisa" usimwahidi mtu. Mfupa hausogei kwa skwati.

Kito, umetaja sindano. Sindano gani, na nani anachoma?

Kito_cha_Pwani
Asanteni wote. Shangazi nakuheshimu, ila mambo ya siku hizi si ya zamani, picha zinabaki mitandaoni maisha yote. Zamu ya Usiku, sindano nimesikia tu kwa watu. Ndio maana nauliza.

FundiMishono
Nashona magauni ya sendoff na harusi, nipo Kariakoo. Nikwambie jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui: bonde analionyesha fundi. Kitambaa chembamba kinachoteleza, tena bila bitana, kinashika kila mkunjo wa mwili. Mwambie fundi wako atumie kitambaa kizito chenye mvutano, aweke bitana, na pale pembeni ya nyonga ashonee sponji nyembamba kati ya kitambaa na bitana, aipunguze unene kingoni ili isiache alama. Unavaa nguo, unacheza, unavua, unalala. Siyo kile kigodoro cha kununua barabarani kinachohama ukikaa.

Na ule mshono wa pembeni usipite katikati ya bonde. Usogezwe nyuma kidogo. Mshono ukipita hapo hapo unachora mstari, jicho linaufuata.

Babu Kigogo
Kigodoro kinahama kweli. Kuna harusi moja Mbagala bibi harusi alikata mauno, upande mmoja ukabaki kiunoni, wa pili ukaenda tumboni. MC akanyamaza. Siku hiyo hata mzee wa kanisa alicheka.

Umm Layla
Salamu kutoka Maskati. Mimi nilihamishiwa mafuta, nilifanyia Istanbul. Wanavuta mafuta tumboni au mgongoni, wanayasafisha, wanayaweka kwenye nyonga. Mnaoona picha za "kabla na baada" hamuoni yaliyo katikati: nguo ya kubana mwili wiki kadhaa, kulala kwa mpangilio, michubuko rangi ya zambarau, na mafuta yenyewe hayabaki yote. Sehemu yake mwili unayanyonya miezi ya mwanzo. Upande wangu wa kulia ulipungua kuliko wa kushoto. Najipenda, namshukuru Mungu, lakini mtu asikwambie ni jambo la kwenda na kurudi kabla ya harusi.

Zamu ya Usiku
Umm Layla asante kwa kusema ukweli. Niongeze hapo. Hatari kubwa ya kuhamisha mafuta, hasa kwenye makalio, ni mafuta kuingia kwenye mshipa mkubwa wa damu na kwenda kwenye mapafu. Inatokea sindano ikizama ndani ya msuli. Kwa sababu hiyo mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo Uingereza, BAAPS, kiliwashauri wanachama wake waache kabisa upasuaji wa kuongeza makalio kwa mafuta. Anayefanya leo afanyiwe na daktari bingwa, hospitalini, mafuta yawekwe juu ya msuli tu.

Kito, sijasahau swali langu. "Nimesikia kwa watu" siyo jibu. Umeshalipa mahali?

Kito_cha_Pwani
Sawa, nimelipa. Kuna dada anafanya, anakuja nyumbani kwa mtu. Jumla ni laki sita, nimetanguliza nusu. Kabla hamjanirukia, wasichana wawili ninaowafahamu wamechoma kwake na wako vizuri, wamependeza, mpaka leo hawajaumwa hata kichwa. Hospitali wanataka mamilioni, nani anayo na hapo hapo kuna michango ya harusi? Na hajifichi, anaonyesha kazi zake kwenye simu.

Wa Ngong Road
Sis, huku Nairobi mwaka 2024 kuna mama alienda kutengenezwa mwili kwenye kliniki yenye jina na vioo, si nyumba ya mtu, na akafa. KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, wakaifunga. Kama kliniki inaweza kukupoteza, je, sebuleni? Wachana na hiyo kitu.

Mazoezi Kwanza
Laki tatu ungekuwa umelipia jimu na mwalimu, na bado una hela ya mayai.

Zamu ya Usiku
Dada, anachoma nini? Jina la dawa. Kuna fila, yaani vijazio vya kuchoma, za asidi ya hayaluroniki, zinakaa muda zinayeyuka, na zikileta shida kuna dawa ya kuziyeyusha haraka. Lakini kujaza nyonga mbili kunataka ujazo mkubwa, na kwa laki sita hiyo haipo. Kinachobaki kwa bei hiyo mara nyingi ni silikoni ya majimaji, au mafuta ya kawaida yasiyo ya mwilini. Mwezi Novemba 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kwamba silikoni ya kuchoma haijaidhinishwa kwa kujaza mwili. Inahama, inaziba mishipa ya damu, inaweza kuleta kiharusi na kifo. Tena madhara yanaweza kuja baada ya miaka. Kwa hiyo wale wasichana wawili kuwa salama leo hakutuambii kitu. Na silikoni haina dawa ya kuiyeyusha. Ikishajipenyeza kwenye nyama, kuitoa ni kukata nyama.

Mpelelezi Huru
Samahani wakuu, niharibu sherehe. Hii ni CHAI. Akaunti imefunguliwa mwezi huu. Kwanza "nimesikia kwa watu", baadaye "nimelipa", bei tayari katutajia, na sifa za fundi juu: "wamependeza", "hajifichi". Nyuzi za hivi nazijua. Kurasa mbili mbele anakuja mtu kuuliza "dada nisaidie namba yake", anajibiwa "njoo inboksi". Huyu ndiye mchomaji mwenyewe, anatafuta wateja. Mods, fungeni.

Babu Kigogo
Eeeh! Chai ya tangawizi kabisa. Mi nilishaanza kumwonea huruma.

Shangazi Mkuu
Kama ni uongo, Mungu anakuona, mwanangu. Kutumia harusi kudanganya watu wazima!

FundiMishono
Hata kama ni chai, yangu kuhusu bitana yabaki pale pale. Wapo wengi wanasoma.

Kito_cha_Pwani
Sina namba ya kumpa mtu na simtangazii mtu. Nimefungua akaunti mpya kwa sababu mdogo wangu na shemeji wanaijua ile ya zamani. Mpelelezi, unataka ushahidi, sikia. Alikuja na chupa ya plastiki, haina karatasi wala jina, kwenye kifuniko kuna alama ya wino wa bluu. Maji yake hayana rangi, ni mazito, yanateleza kwenye vidole hayakauki. Sindano yake nene. Akimaliza anaweka kipande kidogo cha pamba juu ya tundu, anadondoshea gundi ile ya kubandikia kucha, anapuliza. Sasa mchomaji angekuja kuwaambia hayo?

Mpelelezi Huru
Hayo ya gundi umeyatoa wapi?

Zamu ya Usiku
Mpelelezi, acha nichukue hapa. Hayo ya gundi hayatungwi kirahisi. Yanafanyika kwa sababu kitu kizito kikichomwa kwa sindano nene kinarudi nje kupitia tundu, kwa hiyo wanaliziba. Ni dalili inayojulikana ya wachomaji wa majumbani.

Kito, soma ulichoandika. "Alikuja na chupa." "Akimaliza anaweka." Umeshachomwa.

Kito_cha_Pwani
Awamu ya kwanza tu. Ya pili ni Jumamosi, anasema ya kwanza ni msingi na ya pili ndiyo inasawazisha. Upande wa kulia uko sawa kabisa na bonde limejaa, naliona kwa macho yangu. Wa kushoto pana kitu kigumu, kama nusu ya kiganja, na pana joto kidogo usiku. Amesema ni kawaida, nikande kwa maji ya moto. Ndiyo maana naogopa kuacha katikati. Nikiacha sasa nitakuwa na upande mmoja umejaa na mwingine una bonge, nitavaaje gauni? Si bora amalizie?

Wa Ngong Road
Woi. Msichana. Hapana.

Zamu ya Usiku
Asimalizie. Usikande kwa maji ya moto, usimruhusu mtu akuminye, na asije na sindano "kuvuta". Kesho asubuhi nenda hospitali ya mkoa au ya rufaa, siyo duka la dawa. Waambie wazi umechomwa kitu kisichojulikana, lini, pande zipi. Usiseme umeanguka. Wakipiga ultrasaundi wakijua wanachotafuta wanakisoma vizuri zaidi. Kama unaweza kuipata ile chupa, au hata picha yake, nenda nayo.

Usiku huu ukipata homa, kifua kikibana, pumzi ikikatika, au ngozi pale ikawa nyeusi au nyekundu inayosambaa, usisubiri asubuhi. Nenda dharura.

Umm Layla
Nenda na mtu, habibti. Usiende peke yako. Mama yako au dada yako. Aibu inaisha.

Shangazi Mkuu
Yale niliyosema ya Mungu kutokukosea niyaweke pembeni kwanza. Kama uko Dar na huna wa kwenda naye, niandikie. Niko Tabata, nitakusindikiza.

Mpelelezi Huru
Dada, gauni lisikushughulishe. Hela yako idai kwa ujumbe wa maandishi, usiende kwake. Mazungumzo yote yahifadhi, usifute kitu. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanashughulika na dawa zisizosajiliwa, na polisi wapo. Na siku nyingine mtu akijiita daktari, jina lake litafutwe kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kito_cha_Pwani
Nimeenda na dada yangu. Wameniandikia ultrasaundi na dawa za kuzuia maambukizi, narudi baada ya majibu kuonana na daktari wa upasuaji. Ameniambia hakuna kuchoma chochote tena, hata upande wa kulia. Yule dada nilimtumia ujumbe kuhusu hela na chupa, amenizuia. Mdogo wangu ameshajua yote, kwa hiyo hata akaunti haina siri tena. FundiMishono, gauni liko kwa fundi mwingine, naweza kukuletea ulibadilishe?

FundiMishono
Lete. Ila vipimo nitachukua ukishapona, huo uvimbe ukishuka nyonga itakuwa na namba nyingine. Tutaacha nafasi kwenye mishono ya pembeni. Hata kama upande mmoja utazidi, sponji ya upande wa pili naikata tofauti. Nimeshamshonea mtu aliyevunjika nyonga akawa anasimama upande, na hakuna aliyejua.

Msomaji Kimya
Nasoma huu uzi tangu mwanzo sijachangia. Mimi nilichomwa 2022, pamba na gundi vile vile, na chupa haikuwa na jina. Sijawahi kuumwa. Kuna kidonge kidogo tu nakishika chini ya ngozi, kimeshuka kikaja pajani, hakiumi. Na mimi niende?

Zamu ya Usiku
Nenda. Kushuka pajani ndiko kuhama kwenyewe. Waambie mwaka, waambie ilianzia wapi na sasa iko wapi.